Cubs wa 1906 dhidi ya Yankees wa 1927: fainali iliyochezwa kwa tarakimu za pai

Oktoba 1906 Babe Ruth alikuwa na miaka 11, analelewa katika shule ya watoto walioshindikana nyumbani huko Baltimore, na nje ya kuta zake hakuna aliyemjua. Mwezi huohuo Chicago Cubs walikuwa wanafunga msimu ambao, tangu karne ya 20 ianze, hakuna timu ya ligi kuu mbili za besiboli Marekani, National na American, iliyoupita kwa uwiano wa ushindi: michezo 116 wameshinda, 36 wamepoteza. Miaka 21 baadaye mtoto yule alikuwa mtu mzima wa New York Yankees. Akapiga homurani 60 katika msimu mmoja, na timu yake ikamaliza na ushindi 110 dhidi ya vipigo 44. Kufikia hapo Frank Chance, aliyewaongoza Cubs wale akiwa meneja na mchezaji kwa wakati mmoja, alikuwa kaburini mwaka wa tatu.

Timu hizi hazikukutana wala hazingeweza kukutana. Ndiyo maana watu hawaachi kuzikutanisha: kwa kadi na dadu mezani, kwa programu za kompyuta, au kwa ubishi tu wa kijiweni usioisha. Wengi wa wanaofuata besiboli watakuambia Yankees wa 1927 ndiyo timu bora kuliko zote zilizowahi kucheza. Rekodi iliyoandikwa inasema Cubs walishinda zaidi. Nimeichukua tofauti hiyo kama kisa kimoja cha kuchambua: fainali ya kuigizwa, wa kwanza kushinda michezo minne kati ya saba ndiye bingwa. Nilitaka kuona jibu linatoka wapi hasa. Linatoka kwenye timu zenyewe, kwenye bahati, au kwa yule anayeandaa mashindano?

Kwa msomaji anayeiona besiboli kwa mbali: mrushaji anarusha mpira, mpigaji anajaribu kuupiga kwa gongo, akiweza anakimbia kupitia vituo, na kila anayevizunguka vyote vinne akarudi kile cha nyumbani anaipatia timu yake pointi moja. Mchezo una awamu 9. Homurani ni pigo linalovuka uzio, mpigaji akazunguka taratibu bila kukimbizwa na mtu.

Cubs walikuwa timu ya kunyima. Katika michezo 155 ya msimu (mitatu iliisha sare) waliruhusu pointi 381, yaani chini ya mbili na nusu kwa mchezo. Homurani walipiga 20 tu, timu nzima, msimu mzima. Kazi yao ilikuwa kuiba vituo (kukimbilia kituo kinachofuata bila kungoja pigo), kumsogeza mwenzako kwa pigo dogo, kisha kumwachia mrushaji ailinde pointi moja hiyo hadi mwisho. Na mrushaji wao mkuu, Mordecai Brown, alikuwa na mkono usio wa kawaida. Akiwa mtoto shambani Indiana mashine ya kukatia malisho ilimkata sehemu kubwa ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na vidole vingine vikapona vikiwa vimepinda. Mpira ulipomtoka mkononi ulizunguka kwa namna ambayo mwenye vidole vitano vizima hakuweza kuiga. Mwaka 1906 alishinda michezo 26 akapoteza 6, na pointi zilizohesabiwa kuwa zake zilikuwa wastani wa 1.04 kwa kila awamu 9. Hiyo ni takribani pointi moja kwa mchezo mzima.

Yankees walikuwa kinyume chake. Michezo yao nayo ilikuwa 155, mmoja ukiwa sare, na humo walipata pointi 975 wakaruhusu 599. Homurani walizipiga 158. Ruth peke yake, na zile 60, aliizidi kila timu nyingine ya ligi yao. Lou Gehrig alipiga 47, na aliyeshika nafasi ya tatu katika ligi nzima, Tony Lazzeri, naye wa Yankees, alikuwa na 18. Hapo mtu anaona pengo lilivyokuwa. Kwenye fainali halisi ya mwaka ule waliwafunga Pittsburgh michezo minne kwa sifuri.

Sasa mizani. Ninapenda kuanza na hesabu nyepesi kabisa, kwa sababu ikikosea unaona mara moja imekosea wapi. Cubs walishinda michezo 116 kwa vipigo 36, yaani ushindi 3.22 kwa kila kipigo kimoja. Yankees, 110 kwa 44, ni ushindi 2.5 kwa kila kipigo. Gawanya cha kwanza kwa cha pili unapata 1.29. Maana yake, wakikutana uwanja usio wa yeyote, kwa kila ushindi mmoja wa Yankees tutarajie 1.29 wa Cubs, sawa na asilimia 56.3 ya michezo. Katika fainali ya michezo saba faida hiyo inakua, kwa kuwa mwenye nguvu anapewa nafasi zaidi ya kujirekebisha: Cubs wanaubeba ubingwa takribani mara 64 kati ya 100. Watu wa takwimu za besiboli hutumia hesabu ya aina hii siku zote.

Hadi hapo kwenye makaratasi Cubs wako mbele. Lakini fainali haichezwi mara 100, inachezwa mara moja, na kuigiza ni lazima mtu atie bahati ndani. Dadu za nyumbani huwa na mashaka, na kompyuta inakupa matokeo bila kukuonyesha imeyapataje. Nikaamua kutumia tarakimu za pai, namba unayoipata ukigawanya mzingo wa duara kwa kipenyo chake, zile zinazofuata 3. Hakuna awezaye kudai kuwa nimezipanga, na yeyote mwenye kalamu anaweza kurudia kazi yangu leo jioni akapata nilichopata mimi. Unazichukua mbilimbili. Jozi kuanzia 00 hadi 55 ni ushindi wa Cubs, maana ni nafasi 56 kati ya 100. Kuanzia 56 hadi 99 ni Yankees.

Mpwa wangu alikaa upande wa pili wa meza akinisomea, mimi naandika.

"Kumi na nne."

Cubs.

"Kumi na tano."

Cubs tena, mbili bila.

"Mjomba, tisini na mbili." Yankees. "Sitini na tano." Yankees. Mbili kwa mbili. "Thelathini na tano." Cubs wako mbele kwa tatu, wanahitaji mmoja tu. Akanyamaza kidogo kabla ya kusoma, ingawa karatasi ilikuwa mbele yake na tarakimu zile zimejulikana kwa karne nyingi. "Themanini na tisa." Tatu kwa tatu. "Sabini na tisa."

Yankees mabingwa, 4 kwa 3, baada ya kuwa nyuma mara mbili.

Nakiri kwamba nilihisi kama nimeona kitu kimetokea. Nilimwona Gehrig akizunguka vituo, nilimwona Chance amesimama kwenye kituo cha kwanza mikono kiunoni. Hapa ndipo fainali nyingi za kuigizwa zinapoishia: zinachezwa mara moja, bingwa anatangazwa, na kesho yake watu wanasema "ilishathibitishwa" kwamba Yankees ni bora. Hakuna kilichothibitishwa. Ilikuwa michezo saba, na michezo saba ni michache mno kuipima tofauti ya asilimia 56 kwa 44.

Tukaendelea. Fainali ya pili ilikuwa 32, 38, 46, 26: Cubs wanne mfululizo, Yankees hawakupata hata mmoja. Ya tatu Cubs, 4 kwa 1. Ya nne Yankees, 4 kwa 3. Ya tano, ya sita na ya saba zote zilifika mchezo wa mwisho na zote zikaenda kwa Cubs. Ya nane Cubs 4 kwa 0, ya tisa Yankees 4 kwa 2, ya kumi Cubs 4 kwa 2. Tulikuwa tumetumia tarakimu 120 kamili. Cubs 7, Yankees 3. Hesabu ilikuwa imetabiri 6 na kidogo, kwa hiyo imekaa vizuri. Aliyesimama baada ya fainali ya kwanza aliondoka na jibu moja, na aliyevumilia hadi ya kumi akaondoka na jingine.

Kama kuna anayeona ninaikuza bahati kupita kiasi, nimrudishe Chicago kwenyewe, tarehe 9 hadi 14 Oktoba 1906. Cubs hawahawa, na ushindi wao 116, walikutana kwenye World Series, fainali ya mabingwa wa ligi kuu mbili, na White Sox wa mji uleule. White Sox walikuwa wameshinda 93 na kupoteza 58, na wastani wao wa kupiga, 0.230, yaani mapigo 23 yaliyofaulu kwa kila mara 100, ulikuwa wa mwisho katika ligi yao. Magazeti yaliwaita wale waajabu wasiopiga. Tukitumia hesabu yetu ileile, Cubs walipaswa kushinda theluthi mbili ya michezo na kulibeba taji mara 83 kati ya 100. Nafasi ya White Sox ilikuwa kama kurusha dadu moja ukitaka uso mmoja uliotaja.

Uso huo ukatokea. Mchezo wa kwanza, theluji ikidondoka hewani, Brown alifungwa 2 kwa 1. George Rohe, mchezaji wa akiba aliyeingizwa kwa sababu mwenzake aliumwa, alipiga pigo la kumfikisha kituo cha tatu, na pigo hilo likafungua njia. Mchezo wa tatu Rohe yuleyule akapiga tena la namna hiyo, vituo vyote vikiwa na watu, pointi tatu zikaingia, 3 kwa 0. Siku hiyo Ed Walsh wa White Sox aliwaondoa wapigaji 12 wa Cubs kwa mpira wa mate, mpira uliolowanishwa ili upinde njiani, ambao wakati ule sheria iliuruhusu. Mchezo wa nne Brown alijibu kwa ushindi wa 1 kwa 0. Halafu Chance akafanya uamuzi ambao hadi leo unaniuma: tarehe 14, mchezo wa sita, baada ya kumpumzisha Brown siku moja tu, akamsimamisha tena. Mkono haukuwepo. Awamu ya pili haikuisha akiwa uwanjani, Cubs wakalala 8 kwa 3, na fainali ikaisha 4 kwa 2.

Ndiyo maana sikubali hoja kwamba Cubs "wangeyeyuka mbele ya Yankees kwa kuwa waliyeyuka mbele ya White Sox." Michezo sita haiwezi kuwa ushahidi mzito kuliko 155. Lakini mchezo wa sita unafundisha jambo ambalo hesabu yangu ya pai hailijui. Ndani ya michezo saba kuna mkono wa mtu unaochoka, na kuna meneja anayeogopa. Jozi ya tarakimu ni mchezo mzima uliobanwa kuwa namba moja. Nani alirusha, amepumzika siku ngapi, uwanja wa nani, havimo.

Wanaotaka hayo yawemo hutumia kadi. Strat-O-Matic, mchezo wa mezani uliobuniwa na Hal Richman na kuuzwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, unampa kila mchezaji kadi iliyotengenezwa kutokana na msimu wake halisi. Unarusha dadu tatu. Dadu moja, nyeupe, inaamua kadi ipi isomwe: ikitoka 1, 2 au 3 unasoma kadi ya mpigaji, ikitoka 4, 5 au 6 unasoma ya mrushaji. Jumla ya zile mbili nyingine inakuonyesha mstari. Ni wazo zuri sana, kwa sababu nusu ya matokeo anayamiliki anayepiga na nusu anayamiliki anayerusha, kama uwanjani.

Sasa mweke Ruth wa 1927 mbele ya Brown wa 1906. Dadu nyeupe ikitoka 2, unasoma kadi ya Ruth, nayo imejaa homurani, maana mwaka ule alipata moja katika kila mara tisa alizohesabiwa kupiga. Dadu ikitoka 5, unasoma kadi ya Brown, na huko homurani karibu hazipo. Hazipo kwa sababu Brown alikuwa hodari, kweli. Lakini hazipo pia kwa sababu mwaka 1906 karibu hakuna aliyezipiga. Mpira wenyewe ulikuwa mzito kuuamsha. Kiini cha koki, lile gome jepesi la kutengenezea vizibo, kilikuja kutumika katika ligi kuu mwaka 1910 na 1911. Kabla ya hapo, na kwa miaka kadhaa baada yake, mpira mmoja ulichezwa hadi ukawa rangi ya udongo, umelainika, umepakwa mate na tumbaku. Mambo yalibadilika kwa msiba: tarehe 16 Agosti 1920, jijini New York, Ray Chapman wa Cleveland alipigwa kichwani na mpira wa Carl Mays, akafariki kesho yake. Kuanzia hapo waamuzi wakahimizwa kuweka mpira mweupe uwanjani kila mara ili mpigaji auone. Mwaka huohuo mpira wa mate ulipigwa marufuku, isipokuwa kwa warushaji wachache waliokuwa wakiutegemea. Besiboli ya Ruth ilizaliwa hapo.

Kwa hiyo kwenye meza ile ya kadi kuna mpira mmoja wenye nafsi mbili: nusu ya mirusho ni ule uliokufa wa 1906, nusu ni ule hai wa 1927. Hakuna uwanja duniani uliowahi kuwa na mpira wa namna hiyo. Anayeandaa fainali lazima achague. Akichagua mpira wa 1906, homurani nyingi za Ruth zinageuka kuwa mipira mirefu inayodakwa mbele ya uzio, na Cubs wako nyumbani. Akichagua wa 1927, Brown, ambaye wakati wake alirusha akijua pigo baya zaidi litakuwa la vituo vitatu, anakutana na watu wanaomwadhibu kwa kosa moja. Nani aubadilishe mchezo wake na nani abaki kama alivyo? Hilo haliamuliwi na dadu. Limeshaamuliwa kabla dadu hazijaguswa mezani.

Na wala si jambo la besiboli tu. Mwaka 1967 mtayarishaji wa redio wa Miami, Murry Woroner, aliwakutanisha mabingwa 16 wa ndondi za uzito wa juu wa nyakati zote ndani ya kompyuta na kuyatangaza mapambano hewani kama yanaendelea. Muhammad Ali, ambaye Wakongo walikuja kumwona Kinshasa mwaka 1974, alitolewa na Jim Jeffries, mtu aliyekuwa bingwa mwanzoni mwa karne. Ali hakucheka. Alifungua kesi mahakamani kwamba jina lake limechafuliwa. Mwisho wake wakakubaliana acheze pambano la filamu na Rocky Marciano, bingwa mstaafu wa uzito huohuo, wakapiga picha mwaka 1969 ikiwa na miisho zaidi ya mmoja, na watazamaji wa Marekani, Januari 1970, wakaoneshwa Marciano akimwangusha Ali raundi ya 13. Marciano mwenyewe alikuwa ameshafariki kwa ajali ya ndege, hakuuona mwisho huo. Ninamwelewa Ali. Mtu aliyejenga jina kwa ngumi zake anaambiwa ameshindwa na mashine ambayo binadamu ameijaza namba alizozitaka.

Turudi kwa Cubs. Nilisema hesabu nyepesi ikikosea inaonyesha imekosea wapi, na sasa naifikia sehemu hiyo. Uwiano wa ushindi una uzuri mmoja: hauna tatizo la mpira. Awe amecheza kwa mpira hai au uliokufa, kila mshindi ana mshindwa wake, na wastani wa ligi ni nusu kwa nusu. Lakini kuzigawanya 3.22 na 2.5 kama nilivyofanya ni kukubali kimyakimya kwamba ligi ya Cubs ya 1906 na ligi ya Yankees ya 1927 zilikuwa na ubora sawa. Je, zilikuwa?

Sidhani. Ligi kuu mbili zilikuwa na timu 16 mwaka 1906, na zilikuwa na timu 16 mwaka 1927. Nafasi za kazi hazikuongezeka. Watu ndio walioongezeka: sensa ya Marekani ya 1900 ilihesabu milioni 76, ya 1930 ikahesabu karibu milioni 123. Nafasi zilezile zikigombewa na watu wengi zaidi, mchezaji wa kawaida lazima awe bora zaidi. Kumshinda kila mtu kunakuwa kugumu, na ushindi 110 wa baadaye unaweza kuwa mzito kuliko 116 wa kabla.

Ila hesabu hiyo ya watu nayo ina uongo ndani yake. Kati ya mamilioni hayo Wamarekani weusi hawakuhesabika, kwa kuwa mlango wa ligi hizo walifungiwa mwaka 1906 na walifungiwa mwaka 1927. Ulifunguka tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alipoingia uwanjani na timu ya Brooklyn. Chicago kwenyewe, wakati wa Cubs hawa, kulikuwa na Rube Foster, mrushaji mkubwa ambaye mwaka 1920 alikuja kuongoza uanzishwaji wa Negro National League, ligi ya wachezaji weusi. Oktoba 1909 timu yake ya Leland Giants ilicheza michezo mitatu na Cubs, kikosi ambacho kwa sehemu kubwa kilikuwa kilekile. Cubs walishinda yote, lakini haikuwa mteremko. Ninapoandika "timu bora ya wakati wake" kuhusu yeyote kati ya hawa wawili, mkono unasita, kwa sababu waliotakiwa kuwapima vizuri zaidi walikuwa nje ya uzio. Mwaka 2020 ligi kuu zilitambua rasmi kwamba ligi zile za weusi nazo zilikuwa ligi kuu. Fainali ya kuigizwa inayoishia kwa timu za weupe peke yake inaurudia uzio uleule, na sioni kwa nini mtu anayecheza kwa tarakimu leo ajifunge nao. Hiyo ni fainali yangu inayofuata.

Kwa hii ya sasa, tofauti ya ligi naiweka wapi? Hesabu inanipa mpaka ulio wazi. Ikiwa timu ya wastani ya ligi ya Cubs ingekutana na timu ya wastani ya ligi ya Yankees na kushinda michezo 44 kati ya 100, faida yote ya Cubs inafutika na fainali inakuwa kama kurusha sarafu. Ikishinda zaidi ya hiyo, Cubs wako mbele. Ikishinda chini yake, Yankees. Ubishi wote wa miaka mingi kuhusu Ruth na Brown na homurani na mpira umesimama juu ya namba hiyo moja, na hakuna mchezo uliowahi kuchezwa wa kuipima.

Mimi naiweka 40. Nakubali ni maoni. Nimepima ongezeko la watu, nimepima pia kwamba katika miaka 21 watu walijifunza kurusha na kudaka vizuri zaidi. Kwa 40, nafasi ya Cubs katika mchezo mmoja inashuka kutoka asilimia 56.3 hadi 46.2, na nafasi yao ya kulibeba taji kutoka 64 hadi takribani 42. Mtu mwingine mwenye busara anaweza kuiweka 45, na kwake Cubs wataendelea kuwa mabingwa. Sina cha kumshinda nacho.

Tukarudia basi, mpwa wangu na mimi, kwa tarakimu zilezile 120. Safari hii Cubs wanamiliki 00 hadi 45 tu. Fainali ya kwanza haikubadilika hata mchezo mmoja: 14, 15, 92, 65, 35, 89, 79, Yankees 4 kwa 3. Ya pili Cubs walipoteza mchezo wa tatu waliokuwa wameushinda, wakalibeba hata hivyo. Ya tatu Cubs. Ya nne na ya tano Yankees, ya sita Cubs. Jozi zilikuwa zimegawanyika tofauti na mara ya kwanza, lakini tulipofika fainali ya saba tukajikuta tena pale pale, mbele ya jozi zilezile saba tulizokuwa tumezisoma mwanzo: 62 Yankees, 08 Cubs, 99 Yankees, 86 Yankees, 28 Cubs, 03 Cubs. Tatu kwa tatu, na Cubs ndio wamerudi kutoka nyuma.

Mara ya kwanza mchezo huu wa saba ulikuwa wao. Mpwa wangu aliweka kidole juu ya tarakimu mbili zilizofuata, akanitazama kwanza.

"Mjomba, arobaini na nane."

Niliandika Yankees. Zilipoisha zote kumi, hesabu ilikuwa Yankees 6, Cubs 4.